Moto Upo?

Jirani yetu anauza viberiti, na kila jioni anakuja kwetu kuomba moto.

Anauza pia mawese, vitunguu, chumvi, vipande vya sabuni na dagaa wakavu wa Kibirizi, katika genge lililoegemea ukuta wa nyumba yake, hapa Ujiji, mkabala na mlango wetu wa uani. Viberiti ndivyo vilivyo mbele kabisa, vimepangwa kama askari wa gwaride. Lakini adhana ya magharibi ikikaribia hagusi hata kimoja. Anachukua sufuria kuukuu ya alumini aliyoitoboa matundu kitakoni, anatia vipande vya mkaa, anavuka njia, anasimama kwenye mlango wa jiko letu na kuuliza:

"Moto upo?"

"Upo," anajibu mama yangu bila kugeuza shingo.

Basi. Sufuria yenye matundu inawekwa juu ya moto wa gesi, mkaa unaanza kulia na kurusha cheche, na wanawake wawili waliowahi kunyonyeshana watoto wanasimama wakiutazama kama wanaotazama habari za nchi ya mbali.

Hawaongei. Hawajaongea tangu harusi ya dada yangu. Siku hiyo mama alisonga ugali wa muhogo kwa ajili ya wazee wa upande wa bwana harusi, waliotoka Tabora, ili waone watu wa ziwani wanakula nini. Jirani alimega tonge, akalitafuna, akasema kwa sauti ya mtu anayenadi mawese: "Mbona una madonge?" Wakwe wakacheka. Mama hakucheka. Lugha yetu ina ukorofi wake: donge la ugali na donge la rohoni ni neno moja, na siku ile mama alilimeza la kwanza akabaki na la pili.

Lakini moto hauna ugomvi. Mtu hanyimwi moto, hata aliyekutukana mbele ya wakwe. Kwa hiyo jirani aliendelea kuja, na kwa kuwa kusimama kimya mbele ya mtu ni kazi ngumu kuliko kusonga ugali, wawili hao walivumbua namna yao. Mama alizungumza na sufuria yake. Jirani alizungumza na mkaa wake.

"Sufuria we," mama angesema huku akikoroga mchuzi wa samaki mgebuka, "kuna watu wana wageni toka jana na hawasemi."

"Mkaa we," jirani angejibu, "ni mdogo wangu kaja kutoka Mwandiga, goti linamsumbua. Mtu akitaka kujua aulize."

"Sufuria we, goti linataka mafuta ya moto na kitambaa, siyo kukalia kigoda kutwa nzima."

Na kesho yake ungemwona huyo mdogo mtu gengeni, kitambaa gotini. Mimi, ninayejiita mwandishi wa riwaya, nilikuwa nikikaa chumba cha pili nikihangaika kumfanya mhusika wangu mmoja azungumze na mwingine, na jikoni nilikuwa na mazungumzo ya bure kila siku kabla ya magharibi.

Amani hiyo ilivurugwa na mtungi. Asubuhi moja gesi ilianza kuvuja, ikitoa sauti kama nyoka aliyekanyagwa. Mama alitoka mbio akiwa ameshika msahafu kwa mkono mmoja na rimoti ya televisheni kwa mkono mwingine, vitu viwili alivyoona vinafaa kuokolewa. Mimi nilikuwa bado nimelala. Fundi alikuja, akakaza, akasema ni mpira tu umechoka, lakini mama alikwisha kutoa hukumu: mtungi hautalala tena ndani ya nyumba yake. Kaka yangu, anayeishi Dodoma na kuongoza familia kwa simu, akaamuru tununue jiko la umeme.

"Atachagua nani?" nikauliza.

"Wewe," mama akasema. "Si huna kazi?"

"Naandika, mama."

"Ndiyo nasema."

Nikaenda kuomba ushauri kwa waandishi wenzangu. Tunakutana Jumamosi kwenye baraza ya hoteli moja ya mjini Kigoma, juu kidogo ya bandari, mahali ambapo ziwa linaonekana lote na chai inakuja imepoa. Kiongozi wetu, ingawa hatukumchagua, ni mshairi mmoja aliyehamishiwa huku na serikali kutoka Dar es Salaam, ambaye huongea kuhusu uhamisho huo kama watu wanavyoongea kuhusu kifungo. Nilipotaja jiko aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu ujana wake.

"Dada mwandishi," akasema, "indaksheni. Usipoteze muda na kingine chochote."

"Ndiyo lipi?"

"Kioo. Cheusi, laini, kama maji ya ziwa usiku. Halitoi mwali, halitoi moshi. Sufuria inapata joto yenyewe, kutoka ndani yake, kama wazo." Akatutazama mmoja mmoja. "Moto ni sitiari iliyochakaa. Babu zetu wameutumia wote. Tuuache."

Meza nzima ikaguna kwa kukubali. Mmoja akasema moto ni mabaki ya fikra za kale. Mwingine akasema hapana, moto ni upinzani, ila upinzani uliokwisha kununuliwa. Walijadili majiko mpaka jua likapita upande wa Kongo. Kila mtu pale alikuwa na msimamo, na sidhani kama kuna aliyewahi hata kuunguza wali.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilinogewa. Nilirudi nikiwa na kioo cheusi kichwani. Nilikwisha kumwona mama amesimama mbele yake, taa inamulika uso wake, hakuna moshi, hakuna masizi, mama mpya katika sura mpya ya riwaya. Mshairi alikuwa nalo moja kwake, bado limo kwenye boksi, akasema nilichukue nilijaribu kwanza. Ukarimu huo ulipaswa kunishtua.

Kabla ya kulichukua nilipita dukani mjini niulizie. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya duka lenye giza, alinionyesha aina tatu. Ya kwanza, hiyo indaksheni. Ya pili, kioo pia, lakini chini yake kunawaka wekundu. Ya tatu, bati lenye waya mnene uliojizungusha kama nyoka anayeota jua, miguu yake haikulingana, na vumbi lilikuwa juu yake.

"Hili la koili, dada, achana nalo," akasema. "Hili la watu wa geto."

"Na hili la kioo chekundu?"

"Zuri, ila linaogopa kugongwa. Kwenu mnakula ugali wa muhogo?"

"Kila siku."

"Basi mwiko wa mama utalipasua wiki hiyohiyo. Chukua indaksheni. Ila upime sufuria zako kwa sumaku. Isiposhika, jiko halitaitambua."

Nyumbani nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nikaanza kuzunguka nayo jikoni. Sufuria kubwa ya wali, sumaku ikaanguka. Sufuria ya mchuzi, ikaanguka. Sufuria ya maziwa, ya chai, ya maharage, zile zote ambazo mama alikuwa amezisugua kwa mchanga wa ziwa mpaka unaweza kujitazama ndani yake, sumaku iliteleza kama inazionea kinyaa. Alumini tupu.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nazipima."

"Unazipima kama mganga. Zina nini?"

"Jiko halitazitambua."

"Zimekulisha mpaka ukaota meno. Jiko la nani hilo lisilozitambua?"

Katika nyumba nzima, sumaku ilishika vitu viwili. Cha kwanza ni karai la chuma la kukaangia maandazi, lenye kitako cha duara kisichoweza kukaa juu ya kioo. Cha pili kilikuwa chini ya kitanda cha stoo, chombo cha enameli nyeupe chenye ua la bluu, kitako bapa kabisa, kikubwa, kizuri. Kilikuwa cha marehemu babu, cha haja zake alipokuwa hawezi tena kutoka nje. Sumaku ilikirukia na kukibana kama ndugu waliopotezana.

"Basi," mama akasema, "teknolojia imechagua."

Ikabidi ninunue sufuria ya chuma cha pua. Jioni ya kwanza niliweka jiko la mshairi mezani, nikalichomeka, likalia pii, taa zake za bluu zikawaka. Mama aliteka maji, akayaweka, akakunja mikono. Maji yakachemka kabla hajamaliza kuyakebehi.

"Eh," akasema. "Yamechemka kama yametukanwa."

Nilivimba kichwa. Akatia unga wa muhogo, akaanza kusonga, na sufuria ikaanza kusafiri. Juu ya kioo kile hapakuwa na kitu cha kuishika. Mwiko ukienda kulia, sufuria nayo kulia. Mwiko ukirudi, sufuria inarudi. Alisukumana nayo mpaka ukingoni mwa meza, kisha akafanya kile ambacho wanawake wote wa huku hufanya ugali wa muhogo unapokaza: akaiteremsha chini, akakaa kwenye kigoda, akaibana kwa nyayo mbili juu ya kitambaa, akasonga kwa mgongo mzima.

Jiko likaanza kulia. Pii. Pii. Pii.

"Linataka nini?"

"Limeona sufuria imeondoka."

"Liambie narudi."

Pii. Pii. Likajizima. Mama alilitazama kwa namna anavyowatazama wanaume wanaosusa chakula.

Ndipo sauti ikaja mlangoni.

"Moto upo?"

Mama alikuwa chini, sufuria katikati ya miguu. Sikumsikia akisema upo. Jirani aliingia, sufuria yake yenye matundu mkononi, akatafuta mwali kwa macho, hakuuona. Nikaruka kusaidia. Nikaichukua sufuria yake, nikaiweka juu ya kioo, nikabonyeza. Jiko likaandika herufi moja na sifuri, likalia kilio kirefu cha kukataa. Alumini. Nikabonyeza tena, likakataa tena.

Jirani akanyoosha kiganja, akakilaza juu ya kioo.

"Baridi," akasema.

Hakuuambia mkaa. Alisema hewani tu. Kisha, kwa Kiswahili chake chenye Kiha ndani yake: "Nyumba haina umuriro?" Umuriro ni moto, kwa wale msiokuwa na jirani Muha.

Mama alisonga, akasonga. Ilikuwa lazima mtu ajibu, na jibu la kweli lilikuwa moja.

"Hakuna," akasema.

Katika nyumba ya Kiislamu ya Ujiji unaweza kusema hakuna sukari, hakuna nafasi, hakuna heri. Kusema hakuna moto ni kama kusema hakuna mtu. Jirani alichukua sufuria yake, mkaa ukiwa mweusi vilevile, akavuka njia. Tulimwona akiinama mbele ya genge, akachukua kiberiti kimoja kwenye gwaride lake. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakula biashara yake mwenyewe.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Adhana ikikaribia, mama alikuwa akiweka kikombe mahali pasipo pake, akifungua mlango wa uani ili "hewa ipite," akiufunga, akiufungua. Aliongea na sufuria mpya lakini hapakuwa na wa kujibu. "Sufuria we," alianza jioni moja, kisha akaitazama. Ilikuwa sufuria ya chuma cha pua, ya kigeni, isiyojua habari za mtu yeyote. Mchuzi wa mgebuka aliopika usiku huo ulikuwa na chumvi ya watu wawili waliogombana.

Kumbe zile jioni ndizo zilizokuwa urafiki wenyewe. Na mimi nilikuwa nimeukata uzi huo kwa kitu laini, cheusi, kama maji ya ziwa usiku.

Jumamosi nikalirudisha jiko kwa mshairi mbele ya wote.

"Mmeliogopa," akasema kwa huruma.

"Linakataa alumini. Wewe unapikia sufuria gani?"

Alikunywa chai. "Bado natafakari," akasema.

Likaja kujulikana kwamba tangu ahamie Kigoma anakula kwa mama lishe wa karibu na stesheni, anayepika kwa kuni. Nikamuuliza kama amemwambia mama lishe huyo kwamba moto ni sitiari iliyochakaa. Alianza kunukuu jambo kuhusu vitu na vivuli vyake. Niliwaambia nakwenda kununua jiko la koili, na baraza nzima ikanitazama kama nimetangaza kwamba nitaandika vitabu vya mapenzi. "Umerudi nyuma," mmoja akasema. Nikamwambia ndiyo, nyuma ndiko kwenye mlango wa uani.

Dukani, kijana wa miwani alikuwa palepale.

"Nataka jiko linaloweza kuwasha mkaa," nikasema.

"Jiko la umeme?"

"Ndiyo."

"La kuwasha mkaa."

"Ndiyo."

Akavua miwani ili anione vizuri. "Dada, mtu akiwa na umeme mkaa wa nini?"

"Siyo wangu. Ni wa jirani."

Akairudisha miwani machoni. Alishusha lile bati lenye vumbi, akalichomeka, na tukasimama wote wawili tukiutazama ule waya ukigeuka kutoka kijivu kuwa kahawia, kutoka kahawia kuwa mwekundu kama jua linapozama upande wa Kongo. Ulikuwa na joto unalolisikia usoni. Lilikuwa jiko baya kuliko yote niliyoyaona maishani. Nikaondoka nalo kwapani.

Mama aliliona, akalipenda papo hapo, akalitukana ili nisijue. Sufuria zake za alumini zikarudi kazini. Koili ilipokuwa nyekundu kabisa aliutazama mlango.

"Nenda kamwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

Akafikiri. "Usiende. Mimi sijamkosea mtu."

Jirani hakuja. Angejuaje? Kwake, nyumba yetu ilikuwa ile isiyo na moto, na mtu haendi kuomba mara mbili mahali alipoambiwa hakuna.

Jioni iliyofuata nilikuwa chumbani naandika, taa ikazimika. Nikatoka. Jikoni koili ilikuwa inapoa, ikirudi kwenye ukijivu wake. Mama alikuwa amesimama chini ya swichi kubwa ukutani, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Umeme?" nikauliza.

"Umekatika."

Nikachungulia nje. Balbu ya jirani ilikuwa inawaka. Taa za msikiti zilikuwa zinawaka. Mtaa mzima ulikuwa na umeme, mpaka kwenye kibanda cha kunyoa, ambako muziki ulikuwa unapigwa.

"Mama, mbona kila mahali upo?"

"Kwetu umekatika," akasema, akichukua sufuria yake kuukuu kuliko zote na vipande vya mkaa kutoka kwenye gunia tulilolisahau stoo. Akajitanda kanga vizuri, kama anayekwenda kuposa, akavuka njia. Nikamfuata mpaka mlangoni.

Jirani alikuwa amekaa mbele ya jiko lake la mkaa, njiti za kiberiti zilizoungua zimetapakaa miguuni pake.

"Hodi," mama akasema. "Moto upo?"

Jirani alimtazama. Akatazama juu ya bega la mama, kwenye nyumba yetu yenye giza. Akatazama balbu yake mwenyewe juu ya kichwa chake, iliyokuwa inawaka bila aibu.

"Umeme umekatika?"

"Umekatika."

"Kwenu peke yenu?"

"Kwetu peke yetu."

"Poleni," akasema. "Upo."

Akamsogezea kigoda. Mkaa wa mama ukawekwa juu ya mkaa wa jirani, na wote wawili wakautazama.

"Mkaa we," jirani akasema, "watu wana majiko ya kioo, na bado wanakuja kwetu sisi wa genge."

"Sufuria we," mama akasema, "jiko la kioo limerudi kwa mwenyewe. Lililopo sasa ni jekundu, linaweza kuwasha hata jiwe."

"Linawasha?" jirani akauliza, na alisahau kuuliza mkaa.

"Linawasha."

"Haya."

Mama akarudi na moto wake, ambao hatukuwa na cha kuufanyia. Akaipandisha ile swichi, taa zikarudi.

Kesho yake, adhana ikikaribia, niliacha kuandika nikakaa jikoni nikijifanya nachambua mchele. Mama alikuwa chini kwenye kigoda, ugali wa muhogo katikati ya nyayo zake, mgongo ukienda na kurudi. Koili ilikuwa inawaka bure mezani, nyekundu, ikila umeme, ikisubiri.

"Moto upo?"

"Upo."

Jirani akaingia, akaweka sufuria yake yenye matundu juu ya koili. Haikuchukua muda mrefu. Mkaa ukaanza kulia, cheche moja ikaruka, jirani akaupuliza ingawa haukuhitaji kupulizwa. Kisha akauinamia karibu kabisa.

"Mkaa we," akasema, "siku ile ya harusi, nikikumbuka vizuri, hayakuwa madonge. Lilikuwa donge moja tu."

Mwiko wa mama ukasimama. Nami nikaacha mchele. Mama aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ya dada yangu akamtazama jirani usoni.

"Moja," akasema. "Tena dogo."

Jirani aliinua sufuria yake, mkaa ukiwa umeshika vizuri, akaelekea mlangoni.

"Halikuwa dogo," akasema, akavuka njia na moto wake.